Bustani za michezo: mbona wafanyakazi wanaumia sakafuni kuliko juu ya mitambo?

#1 Mzee wa Spana
Salaam wakuu. Nina hoja, mwenye pingamizi aje nalo.

Kwenye bustani za michezo, yaani hizi za mabembea ya umeme, treni za watoto, slaidi za maji na makasri ya upepo (yale yanayojazwa hewa kwa feni watoto waruke ndani), hofu yote iko juu. Mikanda ya kujifunga inanunuliwa, mkaguzi akija anatembea shingo imeinuka. Ila ukifungua daftari la ajali za wafanyakazi, pale lilipo, unakutana na mambo ya chini: kajikwaa ukingo wa jukwaa la kupakia wageni, kateleza kando ya bwawa, kanasa mguu kwenye waya wa jenereta, kapiga dole kwenye kigingi cha kasri. Kaanguka kimo chake tu na kifundo cha mkono kimevunjika.

Dai langu: kisababishi cha kwanza ni viatu. Mwajiri anatoa fulana na kofia yenye nembo, miguuni kila mtu ajitegemee. Zamu nzima imevaa raba ambazo soli haina hata mstari mmoja uliobaki. Geuza kiatu cha mwendesha bembea yeyote, angalia kisigino upande wa nje, utanielewa.

#2 Jogoo la Shamba
Nimekaa pembeni na kahawa yangu, nasubiri wataalamu.

#3 Fundi Marumaru
Napinga kabla kahawa ya Jogoo haijapoa.

Kiatu kizuri juu ya marumaru ya kung'aa iliyolowa ni kazi bure. Kinachoangusha ni utando wa maji unaobaki kati ya soli na sakafu. Sakafu ikiwa laini mno, maji hayana pa kukimbilia, mguu unaelea juu yake. Kwa maji safi, ukwaruzo wa sakafu unatakiwa uwe kama mikroni 20 kwenda juu (kipimo cha Rz, yaani kimo toka mabonde hadi vilele vya uso wa sakafu). Chini ya 10 hapo ni kuombeana heri. Kukiwa na mafuta, unahitaji zaidi ya hiyo 20.

Kipimo chenye heshima ni pendulumu: mkono wenye kipande cha raba unashuka na kukwaruza sakafu iliyomwagiwa maji. Namba 36 na kuendelea, hatari ya kuteleza ni ndogo. 25 hadi 35 ni wastani. 24 kushuka, funga njia. Sasa nenda bustani yoyote uulize namba ya njia ya kwenda slaidi. Watakuonyesha risiti ya marumaru yenye alama R9 na kukuambia muuzaji kasema hazitelezi. R9 ndiyo daraja la chini kabisa, linapanda hadi R13!

#4 Mlinzi wa Bwawa
Fundi #3, kwenye njia za kawaida uko sahihi. Kwenye bwawa umechanganya mafaili.

Hizo R zinapimwa kwa mtu aliyevaa buti kwenye mteremko uliopakwa mafuta ya injini. Ukingo wa bwawa watu wako pekupeku, na mlinzi wa bwawa vilevile. Huko kuna madaraja A, B na C, yanayopimwa pekupeku kwa maji ya sabuni. Njia kavu ya kwenda vyumba vya kubadilishia inatosha A, ukingo wa bwawa ni B, ngazi zinazoingia majini na mteremko ni C. Hata pendulumu ina raba mbili: ngumu namba 96 kwa sakafu ya watu wenye viatu, laini namba 55 kwa pekupeku. Ukipima ukingo wa bwawa kwa 96 unapata namba isiyomhusu mtu yeyote pale.

Lakini hata ukiweka C, usafi mbovu unaiua. Mafuta ya kupaka ya wageni, chokaa ya maji yetu ya visima vya Pwani na ule ukijani vinajaza vishimo vya marumaru mpaka inakuwa laini tena. Halafu anakuja mtu na dekio na ndoo moja, anasambaza mafuta ya meta mbili kwa meta ishirini.

Utaratibu unaofanya kazi, jioni baada ya kufunga:
fagia majani na mchanga kwanza. Mwaga sabuni ya kukata mafuta, iache dakika 10 bila kukauka. Sugua kwa brashi ngumu ya mti mrefu, siyo dekio. Suuza kwa mpira wa maji kuelekea kwenye mfereji, kamwe si kuelekea bwawani. Vuta maji kwa kikwangulio cha raba. Ukijani ukianza, klorini ya unga ya 70%, gramu 7 kwa lita, maana yake gramu 140 kwa ndoo ya lita 20. Unga unaingia kwenye maji, siyo maji kwenye unga. Asidi ya kutoa chokaa ina siku yake peke yake na inasuuzwa mpaka iishe, kwa sababu ikikutana na klorini inatoa gesi ya kuua.

#5 Jogoo la Shamba
Mzee wa Spana, viatu vyako vimeshapigwa mbili bila, na hata nusu ya kwanza haijaisha 😂

#6 Bi Mkubwa wa Jukwaa
Wanaume mmeng'ang'ania kuteleza. Kuteleza na kujikwaa ni vitu viwili. Anayeteleza mguu unatangulia, anaangukia makalio au mgongo. Anayejikwaa mguu unabaki nyuma, anaangukia mikono, magoti na uso. Kwa hiyo jeraha lenyewe linakuambia nini kilitokea hata kabla ya kwenda kuangalia mahali.

Jukwaa la kupakia ni la kujikwaa, na sababu zake zinajulikana. Mwendeshaji anakagua vyuma vya mapajani, vile vinavyombana mgeni kitini, huku anarudi kinyumenyume ili aendelee kutazama wageni. Kuna mwanya kati ya jukwaa na behewa, na kimo cha sakafu ya behewa hakilingani na cha jukwaa. Halafu wageni wanaacha vitu: mabegi, chupa, na hasa kandambili zao kwa sababu wameambiwa waziache. Mzee wa Spana, viatu vina hatia kweli, ila vya mgeni!

Dawa yake haina gharama. Rafu ya vitu vya wageni iwekwe ng'ambo ya pili, upande wa kutokea, siyo miguuni pa mwendeshaji. Ukaguzi unafanywa kwa kwenda mbele tu: unaanza kiti cha nyuma, unavuta na kusukuma kila chuma, unamalizia mbele, unageuka mwili mzima, unarudi nyuma ya mstari wa njano, ndipo unainua gumba. Hakuna hatua hata moja ya kinyumenyume.

Ila sasa mwambie mtu afanye hivyo Idi Pili, foleni imefika getini na msimamizi anahesabu treni kwa saa. Kwangu mimi mwendokasi wa kupakia ndio chanzo. Mengine yote yanasubiri tu mtu awe na haraka.

#7 Mzee wa Spana
Bi Mkubwa nakusalimu. Ya kandambili za wageni nimeipokea. Lakini mwanya na kimo cha jukwaa vinamwangusha mfanyakazi anayepita hapo mara mia kwa siku? Si angekuwa ameshavizoea?

#8 KijanaWaNyali
Mzee, hapo kwa kuzoea ndipo shida iko. Mguu unakariri. Ukipanda ngazi, kidato cha kwanza na cha pili vinaupa mguu kipimo, vingine unapanda bila kufikiria. Kikitokea kimoja kimepita wenzake kwa sentimita moja tu, kidole kinagonga.

Chukua futi ya chuma upime kila kidato cha ngazi za kupanda kwenye mtambo, kimoja baada ya kingine. Kwa kanuni za ujenzi za Marekani tofauti kati ya kidato kikubwa na kidogo kwenye mpando mmoja haifai kupita milimita 9.5. Mara nyingi utakuta cha kwanza chini na cha mwisho juu ndivyo vimekosea. Sababu: fundi wa chuma alileta ngazi imeshaunganishwa kiwandani, halafu fundi wa zege akamwaga tabaka la kumalizia sakafu ya chini baadaye, sentimita 3 au 4. Kidato cha chini kikawa kifupi. Huku kwetu kuna sababu ya pili, chumvi ya bahari. Kutu inavimba chini ya bamba la kukanyagia, inalisukuma juu kwenye kona. Rangi mpya ya kila Disemba inaficha tu.

Ukishindwa kuvunja na kujenga upya, paka ukingo wa kila kidato ukanda wa sentimita 5, rangi inayopingana na ya ngazi, kwa juu na kwa mbele. Na kile kilichokosea kipe rangi yake peke yake.

#9 Jogoo la Shamba
Sentimita moja imwangushe mtu mzima? Hapa mmeanza kutuuzia mbuzi kwenye gunia.

#10 Bi Mkubwa wa Jukwaa
@Jogoo, mtu akitembea kawaida kwenye sakafu sawa, ncha ya kiatu inapita juu ya ardhi kwa sentimita moja hadi mbili tu pale mguu unapokuwa katikati ya hatua na ndipo uko kasi zaidi. Ndiyo maana wakaguzi wa Uingereza wanahesabu tofauti ya kimo ya milimita 10 kuwa hatari ya kujikwaa, na viwango vya walemavu vya Marekani vinaruhusu kidato wima cha milimita 6 tu, kati ya hapo na 13 lazima kichongwe mteremko. Mtu aliyechoka, au mwenye soli nzito iliyolowa, anainua mguu kidogo zaidi ya hapo. Maliza kahawa, inuka uende jikoni, sikiliza unavyoburuta.

#11 Jogoo la Shamba
Nimeburuta kweli. Hoja imepita.

#12 Mtoto wa Ghuba
Naongezea upande ambao hamjaugusa: joto na masaa.

Huku Dubai na Abu Dhabi Waafrika Mashariki ni wengi kwenye bustani hizi, waendesha mitambo, walinzi wa mabwawa, wavaa vinyago. Sheria ya Imarati inakataza kazi za juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9 alasiri, tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba. Watu wanadhani ni ya mafundi wa majengo peke yao. Tazama nani anaanguka na lini: mtu aliyepungukiwa maji kichwa kinazunguka akisimama ghafla toka kwenye kiti cha kibanda, ngazi tatu za kushuka, kaanguka. Utaandika sakafu ilikuwa kavu, kiatu kizima, mwanga upo. Kisababishi hakionekani kwenye picha.

Na kuna kitu cha viyoyozi. Mtu anatoka kwenye mtambo wa ndani wenye baridi akiwa na miwani, anaingia joto la unyevu, kioo kinafunga ukungu papo hapo. Soli nayo iliyopoa inavuta unyevu juu ya marumaru ya mlangoni. Zulia la meta tatu au nne mlangoni, lenye kingo zilizobanwa, linasaidia. Zulia lisilobanwa ni la kujikwaa.

#13 Mzee wa Spana
Naona kila mtu kaja na chanzo chake. Basi turudi kwenye mitambo. Bembea ya farasi ya kuzunguka, yenye upana wa meta 10, ikizunguka mara 4 kwa dakika, ukingo wake unakwenda meta 2.1 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 7.5 kwa saa, zaidi ya mwendo wa kutembea. Mwendeshaji aliyezoea anaruka kabla haijasimama ili akafungue geti. Mguu wa kwanza unagusa ardhi iliyosimama, mwili bado uko na bembea. Hapa sakafu ya nani, mwendokasi wa nani? Ni tabia.

#14 Bi Mkubwa wa Jukwaa
Anaruka kwa sababu yuko peke yake kwenye bembea na geti pia ni lake. Weka mtu wa pili getini uone kama ataruka.

#15 Karani wa Mafao
Samahani kuingilia mashindano ya visababishi. Wote mnasahau kwamba jina la kisababishi lina bei. Ukiandika "hakuwa makini", hakuna anayerekebisha kitu. Ukiandika "kidato cha kwanza ni sm 14, vingine sm 18", kuna mtu lazima atoe hela.

Kwa Tanzania Bara, mwajiri wa sekta binafsi anachangia WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia ya mishahara, na aliyeumia akishindwa kazi kwa muda analipwa asilimia 70 ya kipato, ukomo miezi 24. Ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 unakuwa pensheni ya kila mwezi, chini ya hapo mkupuo. Matibabu yapo juu ya mfuko. Kibarua wa siku ya sikukuu naye ni mfanyakazi, ila jina lake halipo kwenye orodha ya mishahara ya mwezi, na hapo ndipo mzozo unaanzia.

#16 Jogoo la Shamba
Si asilimia 1 ya mshahara hiyo? Na OSHA, wale wa usalama kazini, wanasemaje kuhusu reli na ngazi, zile inchi 42 za kimo cha reli?

#17 Karani wa Mafao
1 ilikuwa zamani, mfuko ulipoanza 2015. Ilishuka hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka 2022.

Na inchi 42 ni za OSHA ya Marekani, siyo yetu. Jina moja, watu wawili tofauti. Yetu ni wakala ulioanzishwa 2001 na unasimamia Sheria Na. 5 ya 2003. Watu wanachukua mabango ya Marekani kwenye mtandao wanayabandika ukutani wakidhani ndiyo sheria yetu. Vipimo vyenyewe si vibaya kuvifuata, ila ukifika mbele ya mkaguzi usimtajie kifungu cha Washington.

#18 KijanaWaNyali
Kwa Kenya OSHA ni jina la sheria, ya 2007, wasimamizi ni DOSHS, kurugenzi ya usalama na afya kazini, na penye watu 20 au zaidi lazima kuwe na kamati ya usalama. Fidia iko chini ya WIBA, sheria ya mafao ya walioumia kazini, ya 2007 pia. Mwajiri anatakiwa kumjulisha mkurugenzi wa DOSHS ndani ya siku 7 tangu apate habari ya ajali, saa 24 kama mtu amefariki. Ukishindwa kazi kwa siku tatu au zaidi unalipwa kipato chako hadi miezi 12. Na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Disemba 2019, dai linaanzia kwa mkurugenzi, si kortini moja kwa moja. Aliyeanguka aseme siku hiyohiyo, mbele ya mtu. Wengi wanasema "niko poa tu", wiki ya pili mkono umevimba na hakuna aliyeandika kitu.

#19 Tabibu wa Zamu
Mkono uliovimba wiki ya pili, asante kwa kunifungulia mlango.

Anayejikwaa anaangukia kiganja. Kuna mfupa mdogo unaitwa skafoidi, upande wa gumba. Ukivunjika, picha ya eksirei ya siku ya kwanza inaweza kuonyesha hakuna kitu. Bonyeza kile kishimo kinachojitokeza chini ya gumba ukilinyoosha kwa nguvu. Kikiuma, funga kama aliyevunjika, rudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Ukimrudisha kazini avute vyuma vya mapajani siku nzima, mfupa unaweza usiunge kabisa, kwa sababu damu yake inaingilia upande mmoja tu.

Kifundo cha mguu: kama hawezi kutembea hatua 4, au anaumia ukibonyeza mfupa wa nundu kwa nyuma, sm 6 za chini, upande wowote, apelekwe eksirei. Kama hana hayo, barafu, bandeji na kuinua mguu vinatosha kuanzia. Na aliyegonga kichwa asipewe kazi ya kusimamia mtambo siku hiyo hata akisema yuko sawa.

#20 Kasri la Upepo
Wa makasri tunasahaulika kila siku. Kigingi chetu cha chuma kinatakiwa urefu wa mm 380, unene mm 16, kichwa cha duara, na kipigwe mpaka kizame chote. Kinachotokea: ardhi ngumu, kijana anapiga nusu anaacha, sm 15 zimebaki nje kwenye majani, rangi ya kutu. Mfanyakazi anazunguka nyuma kuangalia feni, anapiga dole, anaangukia feni au waya wake.

Ufukweni vigingi havishiki, watu wanafunga kwenye madumu. Kila fundo, yaani kila mahali kasri linapofungwa, linatakiwa uzito wa kilo 163. Madumu ya lita 20 ni 9 kwa fundo moja, na kasri lina mafundo yasiyopungua 6. Nani analeta madumu 54? Wanaweka mawili, kasri linaruka, na hayo mawili yenyewe watu wanajikwaa. Pipa la lita 200 lililojaa, moja kwa kila fundo, limesimamishwa nje ya njia, linamaliza habari zote mbili. Waya wa feni utoke nyuma, upite upande usio na watu. Ukilazimika kuvuka njia, upite ndani ya kifuniko cha raba chenye miteremko pande mbili, siyo gundi nyeusi ya kubandika.

#21 Popobawa Mstaafu
Nyumba ya mizimu ije nayo, wakuu, maana tunaowatisha watu ndio tunaoanguka.

Moshi wa mashine ni maji na glikoli. Meta moja au mbili mbele ya mdomo wa mashine matone hayajawa moshi bado, yanatua sakafuni, yanakuwa utando. Inua mashine, ielekeze juu, au weka trei chini, na futa kila baada ya onyesho.

Halafu macho. Jicho lililotoka juani linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu. Mgeni akipiga kelele za kweli ndani, mwendeshaji wa nje anaingia mbio kipofu. Kanuni ni moja: taa za kazi kwanza, mtu baadaye, na swichi yake iwe mlangoni kwa nje. Ule utepe unaong'aa gizani msijidanganye nao, unahitaji kumulikwa kwanza ili ung'ae. Ukibandikwa ndani ya nyumba isiyowashwa taa hata mara moja, ni utepe tu.

Wavaa vinyago: kupitia mdomo wa kinyago huoni miguu yako mwenyewe. Kiatu cha sponji kina upana wa viwili. Msaidizi awe kando muda wote, hakuna ngazi ukiwa na kichwa, na dakika 20 hadi 30 zinatosha.

#22 Mzee wa Spana
@Popobawa umetisha. Ila mimi nasimama na viatu, na naongeza hili. Buti za usalama za mitumba, soli ya poliyurethani: joto na unyevu vinaivunja kutoka ndani hata ikiwa imekaa kwenye boksi bila kuvaliwa. Miaka kadhaa tu kwenye stoo ya Pwani, ukiivaa inamomonyoka kama mkate, kipande kinabaki sakafuni. Kabla ya kununua, kunja soli kwa nguvu mara kadhaa, ukucha uingie kwenye ukingo wake. Ikitoa unga au mipasuko, acha. Soli ya raba asilia haina tabia hiyo. Na kwa wanaopanda juu, nasisitiza mikanda.

#23 KijanaWaNyali
Mikanda juu ya kitu gani, Mzee? Tupige hesabu. Kamba ya m 1.8 unaangukia yote. Kifyonza mshtuko kinaweza kuvutika m 1.07. Toka pete ya mgongoni hadi nyayo m 1.5. Nafasi ya ziada m 0.9. Jumla m 5.27 kutoka ulipofunga kamba kwenda chini. Jukwaa la ukaguzi la hizi treni za watoto ni m 3 au 4, na watu wanafunga kamba kwenye reli ya miguuni. Unafika ardhini kabla mkanda haujafanya kazi. Pale weka reli ya sm 107 na ubao wa ukingoni sm 9 kuzuia spana zisidondoke, au kamba fupi isiyokufikisha ukingoni kabisa.

#24 Mzee wa Spana
Hiyo ubao wa ukingoni nayo inajikwaza. Mafundi wanaing'oa.

#25 KijanaWaNyali
Wanaing'oa kwa sababu iliwekwa kwenye mlango wa ngazi. Mlango wa ngazi unawekwa geti linalojifunga, ubao unazunguka pande nyingine.

#26 Fundi Marumaru
Turudi sakafuni nijibu PM tatu kwa pamoja. Utepe wa mchanga kwenye vidato: kona zikikatwa mraba zinainuka mwezi wa kwanza, na utepe ulioinuka unajikwaza kuliko kidato kitupu. Kata kona ziwe duara, futa kwa spiriti, kandamiza kwa rola, usimwagie maji saa 24.

Anayetaka cha kudumu apake epoksi yenye mchanga wa silika. Zege iwe na siku 28 na ikwanguliwe utando wa juu. Paka, nyunyiza mchanga mpaka rangi isionekane, kesho yake fagia uliobaki, funika kwa mkono mwembamba mmoja. Ukiupaka mkono mzito unazika mchanga na umerudi ulikotoka. Kosa la Pwani ni kupaka jioni. Unyevu ukipita asilimia 85, epoksi inatoa jasho la mafuta juu na mkono wa pili haushiki. Anza saa 4 asubuhi, umalize kabla ya saa 9.

#27 Mlinzi wa Bwawa
Fundi, hiyo epoksi ya mchanga usiipeleke ukingoni mwa bwawa langu. Watoto watatoka damu magotini na visigino.

#28 Fundi Marumaru
Kwa pekupeku tumia mchanga mdogo wa duara, siyo wenye meno. Namba yake ipimwe kwa ile raba 55 uliyonifundisha mwenyewe.

#29 Bi Mkubwa wa Jukwaa
Mmemaliza sakafu, ngazi, macho, buti. Hakuna aliyenijibu: msimamizi anahesabu treni ngapi kwa saa, na nani aliiweka hiyo namba?

#30 Jogoo la Shamba
Bi Mkubwa hilo swali linataka uzi wake. Huu wa leo wameshaugawana, Mzee kachukua buti, Fundi kachukua marumaru, mimi nimebaki na kikombe.

#31 Mtoto wa Ghuba
Fungua, Bi Mkubwa. Weka na masaa ya zamu humohumo, na nani anampokea mwendeshaji akienda kunywa maji.